Kufunga Paneli za Sola Juu ya Paa la HiAce ya Kulala Safarini

Gari aina ya Toyota HiAce, ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki wanalijua kama gari la abiria au la kupeleka watalii mbugani, linafaa sana kugeuzwa kuwa chumba cha safari. Viti vya nyuma vikiondolewa, hubaki nafasi ya kutosha kitanda, jiko dogo la gesi, tangi la maji na friji ya volti 12. Tatizo linalofuata ni umeme. Betri inayowasha injini haikuundwa kuendesha friji usiku kucha, na dereva anayeitegemea kwa kazi hiyo ataamka asubuhi akiwa kambini, mbali na fundi, na gari haliwaki. Ndiyo maana gari la namna hii huhitaji betri ya pili, na njia nyepesi ya kuijaza wakati gari limesimama mahali pamoja kwa siku mbili au tatu ni paneli za sola zilizofungwa juu ya paa.

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao shida yao kubwa ni uhaba wa jua wakati wa baridi. Kwetu jua lipo. Kinachoharibu kazi ni joto la paa, kivuli cha miti, mtikisiko wa barabara za vumbi na maji ya mvua yanayopenya kwenye tundu lililotobolewa bila uangalifu. Kwa hiyo katika mwongozo huu nimetumia muda mwingi zaidi kwenye ufungaji na nyaya kuliko kwenye sifa za paneli zenyewe, kwa sababu paneli ya kawaida iliyofungwa vizuri hutoa umeme mwingi kuliko paneli ya bei ghali iliyofungwa ovyo.

Hesabu ya matumizi

Kabla ya kwenda dukani, andika kila kifaa utakachotumia, wati zake, na saa kitakazofanya kazi kwa siku. Friji ya kompresa ya lita 40 hivi hutumia takriban wati 45 ikiwa inanguruma, lakini haingurumi muda wote, kwa hiyo katika hali ya hewa ya wastani tunaweza kuikadiria kwa wati-saa 480 kwa siku. Ukiwa Mombasa au Tanga mwezi wa Februari, ongeza. Feni ya wati 15 ikizunguka saa 8 hutumia wati-saa 120. Taa tatu za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka saa 4, hutumia 60. Kompyuta ndogo ikijazwa mara moja itachukua karibu 60, simu mbili 40, na pampu ya maji, ambayo hufanya kazi dakika chache tu, karibu 12. Jumla ni wati-saa 772.

Utaona mara moja kwamba friji peke yake imechukua zaidi ya nusu. Anayekubali kusafiri na sanduku la barafu badala ya friji anabaki na chini ya wati-saa 300, na paneli moja ya wati 100 inamtosha. Anayetaka friji lazima apande hadi wati 200 au 300. Hakuna uamuzi mwingine katika kazi hii unaobadilisha gharama kiasi hicho, kwa hiyo uamue mapema na kwa ukweli.

Kupata uwezo wa paneli, zidisha wati zake kwa saa za jua kamili (yaani jua lote la siku likihesabiwa kama saa za mwanga mkali kabisa), kisha punguza asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu wa nyaya. Sehemu kubwa ya Kenya na Tanzania hupata wastani wa saa 4.5 hadi 6 za jua kamili kwa siku. Tukichukua saa 5, paneli za wati 200 zitaleta wati-saa 700, na za wati 300 zitaleta 1,050. Kwa matumizi niliyoyataja hapo juu, wati 200 zinakosa kidogo na wati 300 zinabakiza akiba, ambayo utaihitaji wakati wa masika, na pia miezi ya Juni hadi Agosti, Nairobi na Arusha zinapofunikwa na mawingu kutwa.

Betri

Kwa betri, swali ni kiasi gani unaweza kuchota bila kuiharibu. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 (100 Ah), yaani wati-saa 1,200, hata ile iliyotengenezwa kwa ajili ya sola, haifai kuchotwa zaidi ya nusu mara kwa mara. Kwa hiyo inakupa wati-saa 600 hivi. Hizo zinatosha kufika asubuhi, lakini hazitoshi siku moja kamili ya mawingu. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 yenye ukubwa huohuo hukupa wati-saa 1,000 au zaidi, na uzito wake ni kilo 12 hivi badala ya karibu kilo 30. Bei yake ni kubwa, lakini hudumu miaka mingi zaidi. Betri ya kawaida ya gari, ambayo wauzaji wengine husema inafaa kwa sola, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu wakati wa kuwasha injini. Ukiichota kila usiku, itakufa baada ya miezi michache.

Kuchagua paneli na kidhibiti chaji

Paneli ngumu yenye fremu ya alumini na kioo ndiyo ninayoipendekeza. Zipo paneli laini zinazokunjika na kubandikwa moja kwa moja kwenye bati, nazo huvutia kwa sababu ni nyepesi na hazionekani kutoka chini. Hata hivyo hazina hewa chini yake, hupata joto kali, uso wake wa plastiki hukwaruzwa na matawi na vumbi, na umri wake huwa mfupi. Zinafaa pale tu ambapo uzito haukubaliki kabisa, jambo ambalo nitalirudia nikifika kwenye paa la kunyanyua.

Katika masoko yetu, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, zipo paneli zilizobandikwa lebo ya uongo. Njia rahisi ya kuitambua ni futi ya kupimia. Wati za paneli hupimwa chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri zinazouzwa kwa kawaida hugeuza asilimia 18 hadi 22 ya mwanga huo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba hutoa takriban wati 200. Paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60 haiwezi kuwa ya wati 300, hata kama lebo yake imeandikwa kwa herufi za dhahabu; ikijitahidi sana itatoa 130.

Kosa la pili la kawaida ni kununua paneli kubwa ya nyumbani na kuiunganisha na kidhibiti cha bei rahisi. Kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, kipo cha aina mbili. Kontrola ya PWM huunganisha paneli na betri moja kwa moja, hivyo volti ya paneli hushuka hadi kulingana na ya betri na zile zinazozidi hupotea. Kontrola ya MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Chukua paneli ya nyumbani ya wati 330 yenye volti 37.5 na ampea 8.8. Ikiunganishwa na betri ya volti 12 kupitia PWM, betri itapokea ampea 8.8 zilezile kwa volti 13 hivi, yaani wati 114. Theluthi mbili ya paneli uliyoilipia imekwenda bure. Kwa hiyo ama ununue paneli zilizotengenezwa kwa mfumo wa volti 12, ambazo huwa na seli 36 na hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, au ununue MPPT. Kwa wati 200 kwenda juu, mimi ningenunua MPPT kwa vyovyote vile.

Ukubwa wa kontrola hupatikana kwa kugawa wati za paneli kwa volti za betri. Wati 300 ukigawa kwa 13 unapata ampea 23, hivyo kontrola ya ampea 30 inafaa. Angalia pia kiwango cha juu cha volti inachoweza kupokea, hasa ukikusudia kuunganisha paneli kwa kufuatana.

Kupima paa

Panda juu ya gari ukiwa na futi na chaki. HiAce ya kawaida ya mwili mwembamba, ya kizazi cha H200, ina upana wa mita 1.695, lakini sehemu ya paa iliyo tambarare ni nyembamba kuliko hapo kwa sababu kingo zimepinda. Usipige magoti moja kwa moja juu ya bati. Weka ubao mrefu unaolala juu ya mbavu za paa ili uzito wako usambae. Chora kwa chaki mahali pa feni ya paa, antena, na chochote kingine kitakachokuwepo, kisha chora paneli. Paneli ya wati 150 kwa kawaida huwa na urefu wa mita 1.2 hivi na upana wa sentimita 67, hivyo mbili zikifuatana kwa urefu wa gari huchukua mita 2.4, na upande mmoja hubaki nafasi ya mtu kupita au ya kuweka mbao za kujinasulia matopeni.

Mpangilio huo uzingatie kivuli kuliko uzuri. Seli za paneli zimeunganishwa kwa kufuatana, kwa hiyo kivuli cha sanduku la mizigo au tairi la akiba kikifunika sehemu ndogo tu ya paneli, umeme unaopotea ni mwingi kuliko eneo lililofunikwa. Seli chache zikizibwa, nusu ya paneli inaweza kunyamaza. Tairi la akiba na sanduku viwekwe nyuma kabisa, na visiwe virefu kuliko inavyolazimu.

Watu huniuliza kama paneli zifungwe kwenye vyuma vinavyoinuka ili kulielekea jua. Kwetu haina haja. Jua la mchana Dar es Salaam huinama zaidi mwezi Juni, likiwa nyuzi 30 hivi kaskazini ya utosi, na hata hapo paneli iliyolala hupata karibu asilimia 87 ya ile mionzi ya moja kwa moja. Arusha na Nairobi hali ni nzuri zaidi. London, mwezi Desemba, jua la mchana huwa nyuzi 75 kutoka utosini na paneli iliyolala huambulia robo tu. Mwenye gari wa huko ana sababu ya kununua vyuma vya kuinua, sisi hatuna.

Kuifunga: keria, bolti au gundi

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, shinikizo la upepo hufikia karibu nyutoni 460 kwa kila mita ya mraba, sawa na uzito wa kilo 47, na nguvu hiyo huweza kuvuta paneli kuelekea juu iwapo upepo utaingia chini ya ukingo wa mbele. Juu ya hayo kuna barabara zenye mikunjo, kama zile za kuingilia Serengeti, ambazo hutikisa kila nati kwa saa nzima bila kupumzika.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni keria. HiAce nyingi zina mifereji ya maji pembezoni mwa paa, na keria za kufunga kwa klampu kwenye mifereji hiyo zinapatikana au zinaweza kutengenezwa na fundi wa kuchomelea. Faida yake ni kwamba hutoboi paa, isipokuwa tundu moja la kupitisha nyaya. Uzito husambaa kwenye mifereji, na hewa hupita chini ya paneli kwa wingi. Ukimpa fundi kazi hiyo, mwambie akate bomba za mraba za chuma au alumini zitakazovuka paa mahali fremu za paneli zinapoishia, apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na aweke vipande vya raba kati ya klampu na mfereji. Sehemu ya mbele ya keria iwekewe kipande cha bati kilichoinama ili kupeleka upepo juu ya paneli badala ya chini yake.

Paneli zifungwe kwenye keria kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, za milimita 6 au 8, kupitia matundu yaliyokwisha kutobolewa kiwandani kwenye fremu. Usitoboe fremu upya, na usikaribie kioo kwa drili. Kila bolti iwe na washa pana na nati yenye nailoni ndani, maana nati ya kawaida itajifungua yenyewe. Anayekaa pwani aweke pia washa za plastiki kati ya alumini na chuma. Chumvi ya bahari ikikutana na metali mbili tofauti zinazogusana, alumini huliwa polepole hadi bolti ibaki inaning'inia.

Asiyetaka keria anaweza kufunga paneli kwa vishikio vya alumini vyenye umbo la Z au vya plastiki vya pembeni, vinavyobandikwa kwa gundi ya poliyurethani kama Sikaflex. Gundi hiyo ina nguvu kweli, lakini inategemea usafi. Rangi inayobanduka ikwanguliwe, bati lisuguliwe kidogo kwa msasa, lipanguswe kwa spiriti, na gundi ikandamizwe bila kubanwa hadi ikatoka yote. Hukauka kwa taratibu, milimita chache kwa siku, kwa hiyo gari lisiende barabarani kwa siku mbili. Kwa barabara za lami gundi peke yake inaweza kutosha. Kwa mtu anayekwenda mbugani, ningeongeza bolti mbili kwa kila kishikio zinazopenya paa na kushikwa ndani na kipande cha bati nene, badala ya skrubu zinazouma bati jembamba tu. Kila tundu lisuguliwe kingo kwa tupa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu na kuachwa likauke kabla ya bolti kupita, kisha lizungushiwe gundi.

Kwa vyovyote vile, paneli iachwe nafasi ya sentimita 3 hadi 5 juu ya bati. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, na seli zilizo juu ya paa kwenye jua la mchana zinaweza kufika nyuzi 65. Hapo asilimia 12 hadi 16 tayari imekwenda. Hewa inayopita chini ndiyo dawa pekee, na faida yake nyingine ni kwamba paneli hulitia paa kivuli na chumba cha ndani hupoa.

Magari mengi ya watalii yana paa la kunyanyua. Kufunga paneli juu ya sehemu inayonyanyuka kunawezekana, lakini kila paneli ya wati 150 ina uzito wa kilo 8 hadi 10, na ukiongeza keria, mikono ya gesi iliyopo inaweza kushindwa kulibeba paa, au paa likashuka lenyewe juu ya kichwa cha mtu. Ama ubadilishe mikono hiyo kwa yenye nguvu zaidi, ama uweke paneli kwenye sehemu isiyonyanyuka, ama hapa ukubali udhaifu wa paneli laini. Nyaya nazo ziachiwe mzunguko wa ziada ili zisivutike paa likiwa juu wala kubanwa likiwa chini.

Nyaya

Kabla ya kuunganisha chochote, funika paneli kwa turubai zito, kwa sababu paneli haina swichi. Mwanga ukiigusa tu, umeme upo kwenye ncha zake.

Ukiwa na paneli mbili, unaweza kuziunganisha kwa kufuatana, ambapo volti hujumlishwa, au kwa sambamba, ambapo ampea hujumlishwa. Kufuatana huokoa nyaya, kwani ampea ni chache. Sambamba hustahimili kivuli zaidi, maana paneli moja ikiwa chini ya tawi la mgunga, nyingine inaendelea na kazi yake. Kwa kuwa kambi zetu nyingi zipo chini ya miti, na hakuna anayetaka kulala juani, nashauri sambamba, pamoja na waya wa milimita 6 za mraba. Mbili za wati 150 kwa sambamba hutoa ampea 16.5 hivi. Waya huo wenye urefu wa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi utapoteza volti 0.5 kati ya 18, yaani chini ya asilimia 3. Waya wa milimita 2.5 ungepoteza zaidi ya volti 1.1, na ungepata joto bure. Ukiwa na paneli tatu au zaidi kwa sambamba, kila moja iwekewe fyuzi yake.

Tumia nyaya zilizotengenezwa kwa ajili ya sola, zenye ngozi mbili zinazostahimili jua. Waya wa nyumbani utapasuka ngozi kabla ya miaka miwili. Viunganishi vya MC4, vile vya kuchomeka vilivyo kwenye ncha za nyaya za paneli, viwe vya mtengenezaji mmoja pande zote mbili, kwa sababu vya watengenezaji tofauti huingiana lakini havishikani sawasawa, na mahali hapo huungua. Vibanwe kwa koleo lake maalumu, si kwa meno wala kwa praizi. Nyaya zifungwe kwenye keria kila baada ya sentimita 30 ili zisipigepige bati, na zisiachwe zikining'inia, kwani nyani na tumbili wa kambini hupanda juu ya magari na huvuta kila kinachovutika.

Tundu la kuingizia nyaya litobolewe nyuma ya paneli, mahali ambapo kabati la ndani litalificha. Weka raba kwenye kingo zake ili bati lisikate waya, kisha funika kwa kasha dogo la plastiki lililobandikwa kwa gundi ileile, mdomo wake ukielekea nyuma ya gari. Kabla ya kuingia kwenye kasha, waya ushuke kidogo na kupanda tena, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kontrola ifungwe ukutani karibu na betri, mahali penye hewa, lakini isiwe juu ya betri ya asidi, ambayo ikijazwa hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kushika moto. Betri hiyo yenyewe iwe kwenye kasha lenye tundu la kutolea hewa nje. Kati ya kontrola ya ampea 30 na betri, weka waya wa milimita 10 za mraba, na fyuzi ya ampea 40 isiyozidi sentimita 20 kutoka kwenye kichwa chanya cha betri. Fyuzi hiyo hulinda waya. Betri ya lithiamu inaweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde moja, na waya uliochubuka bila fyuzi utaliteketeza gari zima. Betri yenyewe ifungwe kwa mkanda au chuma. Kitu cha kilo 30 hakipaswi kuruka mtu anapofunga breki.

Anayekusudia kuweka inveta ya volti 230, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, amwite fundi umeme mwenye leseni, ambayo hutolewa na mamlaka za udhibiti wa nishati: Kenya ni EPRA na Tanzania ni EWURA. Kazi ya volti 12 mtu makini anaweza kuifanya mwenyewe, lakini volti 230 ndani ya sanduku la bati ni jambo jingine.

Kuunganisha na kupima

Mpangilio wa kuunganisha haubadiliki: kwanza betri kwenye kontrola, kisha paneli. Kontrola inahitaji kuiona betri ili ijue ni ya volti 12, na baadhi ya kontrola huharibika zikipata umeme wa paneli bila betri. Wakati wa kufungua, fuata kinyume chake, paneli kwanza na betri mwisho. Kagua chanya na hasi kwa mita kabla ya kila muunganisho, hata kama rangi za waya zinaonekana sawa, maana si kila kiwanda hufuata rangi.

Ondoa turubai wakati wa jua na upime kila paneli ikiwa haijaunganishwa na nyingine. Paneli ya seli 36 inapaswa kuonyesha volti 21 hadi 23. Ikionyesha 11 au 12, kuna sehemu iliyokufa ndani yake, na ni afadhali uigundue sasa kuliko ukiwa Ruaha. Baada ya kuunganisha, chagua aina ya betri kwenye kontrola. Betri ya asidi yenye maji hujazwa hadi volti 14.4 au zaidi kidogo, ya jeli karibu 14.1, na ya LiFePO4 kati ya 14.2 na 14.6 kulingana na maelezo ya mtengenezaji. Kwa jeli na lithiamu, hakikisha ile hatua ya kusawazisha, ambayo hupandisha volti kupita kiasi, imezimwa. Kisha washa friji na feni saa sita mchana na uangalie ampea zinazoingia. Paneli za wati 300 zilizo safi, bila wingu na betri ikiwa haijajaa, zinapaswa kuleta ampea 16 hadi 19 kwenye betri. Zikileta nusu yake, tafuta kivuli au kiunganishi kilicholegea kabla ya kumlaumu aliyekuuzia.

Mwagia paa maji kwa mpira kwa dakika kumi, ukianzia upande wa mbele, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi akikagua tundu la nyaya na kila bolti. Mvua ya kwanza ya vuli si kipimo kizuri, kwa sababu itakukuta umekwisha kufunga mbao za dari.

Baada ya safari ya kwanza

Kaza bolti zote baada ya kilomita 100 za mwanzo za barabara ya vumbi, halafu kila baada ya safari ndefu. Vumbi lioshwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi au jioni. Maji baridi juu ya kioo kilichochemka mchana yanaweza kukipasua. Taarifu kampuni ya bima juu ya vifaa vilivyoongezwa, na uandike kimo kipya cha gari kwenye karatasi ndogo mbele ya dereva, kwa sababu vizuizi vya maegesho ya mjini na matawi ya njia za mbugani havitakuonya.

Na gari likipelekwa kwa fundi wa kuchomelea, iwe ni chesi au kishikio cha ekzosi, fungua fyuzi ya paneli au viunganishi vyake huku zikiwa zimefunikwa, kisha ufungue betri zote mbili kabla hajaweka waya wake wa hasi kwenye bodi. Mkondo wa mashine ya kuchomelea ukipata njia kupitia kontrola, itaungua kabla fundi hajamaliza kishikio kimoja.